SOMO LA MAZINGIRA: TUMJUE NDEGE WA BULUU KABLA YA KUMHUKUMU

Na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo, Dayosisi

Katika robo hii somo letu la mazingira linahusu ndege mdogo ambaye wengi wetu tumemwona tangu utoto, lakini ni wachache tunaoweza kumweleza sawasawa. Ni yule ndege mwenye rangi ya anga tumboni na mkiani, ambaye hurukaruka chini karibu na visima, njia za ng'ombe na vichaka vya migunga. Watu wengi humwita tu chiriku wa buluu, na wengine humchanganya na kila ndege mwingine anayekula punje. Somo hili linaweza kutumika katika vikundi vya wakulima, Umoja wa Vijana, shule ya Jumapili na jumuiya.

Kwa nini tujifunze habari za ndege wakati tuna matatizo ya njaa, maji na ada za shule? Sababu ni kwamba wakati mtama na uwele vinapoanza kukomaa, baadhi ya watu hutega ulimbo, huweka punje zenye sumu au huwatuma watoto na manati kuua kila ndege mdogo anayeonekana, kwa kuamini kuwa wote ni kweleakwelea. Matokeo yake ni kwamba ndege wasio na hatia hufa, kweleakwelea wenyewe hawapungui, na sumu ile huweza kuingia majumbani kwetu kupitia watoto wanaookota ndege na kuwachoma. Hivyo basi, kumtambua ndege kwa usahihi si anasa ya watalii. Kunahusu chakula, afya na haki.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili msomaji aweze:
1. Kumtambua ndege wa buluu na kumtofautisha na jamaa zake wa karibu.
2. Kueleza tofauti kati yake na kweleakwelea.
3. Kueleza maisha yake: chakula, kiota na malezi ya makinda.
4. Kuchukua hatua sahihi shambani bila kuua viumbe wasiohusika.

Ndege huyu ni nani?

Kitaalamu ndege huyu huitwa Uraeginthus bengalus. Jina hilo la pili lina kasoro ya kihistoria. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, alipolipa jina hilo mwaka 1766, ilidhaniwa kuwa ndege huyu anatoka Bengal, huko bara Hindi. Ukweli ni kwamba kwa asili anaishi Afrika tu, kuanzia Senegal upande wa magharibi hadi Ethiopia, na kushuka kusini hadi Tanzania na Zambia. Kosa lile limebaki katika vitabu hadi leo, kwa kuwa jina la kitaalamu likishatolewa si rahisi kulibadilisha. Hili nalo ni fundisho: ukimpa mtu jina au sifa isiyo yake, inaweza kumfuata miaka na miaka.

Urefu wake ni sentimita 12 hadi 13 kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wake ni takribani gramu 10. Mgongo na mabawa ni kahawia. Uso, kifua, ubavu, kiuno na mkia ni buluu ya anga. Mdomo ni mfupi, wenye umbo la pia, na una rangi ya waridi. Dume ana alama moja isiyofichika: doa jekundu lililoiva shavuni, nyuma kidogo ya jicho. Jike hana doa hilo, na buluu yake imepauka kuliko ya dume. Makinda yaliyokwisha kuruka huwa na buluu kidogo zaidi na mdomo mweusi.

Jamaa zake wa karibu

Usimwone ndege mmoja wa buluu ukaamua papo hapo. Tanzania tunao ndege watatu wa jamii hii wanaofanana sana, na wa nne aliye karibu nao.

(a) Mwenye shavu jekundu. Ndiye tuliyemweleza hapo juu. Huonekana zaidi kaskazini, magharibi na katikati ya nchi, mara nyingi karibu na makazi ya watu.

(b) Mwenye kichwa cha buluu. Dume wake ana buluu kichwa kizima, kuanzia mdomoni hadi kisogoni, wala hana doa jekundu. Hupenda nyika kavu za kaskazini na katikati.

(c) Asiye na shavu jekundu wala kichwa cha buluu. Dume na jike wote wana utosi wa kahawia na uso wa buluu. Huyu huonekana zaidi kusini na mashariki mwa nchi na kuendelea hadi Afrika Kusini. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu jike wa ndege wa kwanza anafanana sana na huyu. Dawa yake ni kusubiri. Ndege hawa hutembea wawili wawili au kwa familia, hivyo ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali. Dume mwenye shavu jekundu akitokea, utakuwa umepata jibu.

(d) Mwenye tumbo la zambarau. Ni mkubwa kidogo kuliko hao watatu. Kichwa na shingo yake vina rangi ya mdalasini, mdomo wake ni mwekundu, na dume ana buluu kuzunguka jicho na zambarau iliyokolea tumboni. Jike ana madoa meupe tumboni. Huyu hujificha zaidi vichakani.

Tofauti kati yake na kweleakwelea

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kweleakwelea ni wa jamaa nyingine kabisa, jamaa ya mnana, wale wanaosuka viota. Rangi yake ni ya majani makavu, yenye michirizi mgongoni kama shomoro. Hana buluu popote mwilini. Mdomo wake ni mnene na mwekundu, ingawa jike wakati wa kuzaa mdomo wake hugeuka njano. Dume wakati wa kuzaa huwa na uso mweusi, au mara nyingine mweupe.

Tofauti kubwa zaidi ni tabia. Ndege wa buluu huonekana wawili, au kikundi kidogo cha familia, wakiokota chini. Kweleakwelea huja kwa maelfu na hata mamilioni, kundi likipinda angani kama moshi unaosukumwa na upepo. Hulala pamoja kwenye migunga au matete, na kishindo cha mabawa yao husikika mbali.

Tufanye hesabu kidogo. Kweleakwelea mmoja hula takribani gramu 10 za punje kwa siku. Kundi la ndege milioni moja huweza kumaliza kilo 10,000, yaani tani 10, kwa siku moja. Sasa chukua familia ya ndege wa buluu sita. Ukiwaweka wote kwenye mizani, uzito wao wenyewe hauzidi sana gramu 60. Ndege wa buluu anaweza kudonoa uwele au kuokota punje zilizoanguka, wala hatusemi kuwa hagusi kabisa. Lakini aliyemaliza ghala lako si yeye.

Katika mafunzo ya vikundi swali hili huulizwa mara kwa mara. Kijana humwonesha mzee ndege na kuuliza, "Babu, huyu naye si mwizi wa mtama?" Mzee anayejua nyika hujibu kwa swali, "Mjukuu wangu, umemwona na wenzake wangapi?" Jibu hilo ni elimu tosha. Kabla ya kutazama rangi, tazama idadi.

Ikumbukwe pia kwamba hata kweleakwelea mwenyewe hupendelea mbegu za majani ya porini. Huvamia mashamba zaidi wakati mbegu hizo zimepungua, kwa mfano baada ya mvua za kwanza kuziotesha, au zinapokwisha na mazao yetu ndiyo yaliyobaki. Yeye naye si shetani. Ni kiumbe mwenye njaa aliyekutana na shamba letu. Hata hivyo hasara anayoleta ni ya kweli, na mkulima ana haki ya kujilinda.

Maisha ya ndege wa buluu

Chakula. Chakula chake kikuu ni mbegu ndogo za nyasi anazookota ardhini, zikiwemo za magugu yanayotusumbua wakati wa palizi. Wakati wa kulea makinda huongeza wadudu, hasa mchwa na kumbikumbi. Kwa kuwa anakula mbegu kavu, anahitaji maji mara kwa mara. Ndiyo maana utamwona asubuhi kwenye lambo, kwenye birika la mifugo au chini ya bomba la kijiji linalovuja.

Uchumba. Dume hushika jani la nyasi mdomoni, husimama kitini, huimba na kurukaruka mbele ya jike. Jike naye huimba. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kumchunguza yule mwenye kichwa cha buluu kwa kamera zenye kasi kubwa. Waligundua kuwa anaporukaruka hupiga hatua za haraka sana kama mcheza ngoma, hatua ambazo jicho la binadamu haliwezi kuzifuata, na kwamba dume na jike wote hufanya hivyo. Maelfu ya miaka ndege hawa wamecheza mbele ya macho yetu, nasi hatukuona!

Kiota. Kiota ni duara la nyasi lenye mlango ubavuni, ndani likitandikwa manyoya laini. Hujengwa kwenye kichaka au mti mfupi wenye miiba. Mara nyingi ndege hawa huchagua tawi lililo karibu na kiota cha nyigu, ili adui anayekuja kula mayai akutane na walinzi wakali. Aidha, huweza kutumia kiota kilichoachwa na mnana. Mayai ni meupe, mara nyingi manne au matano. Baba na mama hupokezana kuyaatamia kwa takribani siku 12, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki mbili na nusu hadi tatu hivi. Akina baba wanaosoma somo hili wajiulize zamu yao nyumbani ikoje.

Mgeni kiotani. Ndege mwenye tumbo la zambarau ana jambo la ajabu zaidi. Yupo ndege aitwaye fumbwe, na mmoja wa jamaa zake, ambaye dume wake huota manyoya marefu ya mkiani kama nyuzi za majani makavu, hajengi kiota. Jike hutaga katika kiota cha yule wa zambarau, na kinda la fumbwe hulelewa pamoja na wenye nyumba. Alama zilizo ndani ya kinywa cha kinda hilo hufanana na za makinda wenyeji, nao wazazi hulilisha bila kubagua. Dume wa fumbwe akikua huiga hata wimbo wa waliomlea. Ukiwaondoa wenyeji, umemwondoa na mgeni. Kiumbe mmoja akikosekana, mwingine anayemtegemea hukosa mahali.

Neno la Mungu linasemaje?

Katika Mwanzo 2:19-20 Mungu anawaleta wanyama na ndege kwa Adamu ili awape majina. Kazi hiyo ilitangulia sheria na hekalu. Huwezi kumpa kiumbe jina lake pasipo kumtazama, na huwezi kumtunza usiyemjua. Anayeita ndege wote "wezi" hajafanya kazi aliyopewa Adamu.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Waisraeli wanaruhusiwa kuchukua makinda kutoka kiotani, lakini wanakatazwa kumchukua mama pamoja nayo. Sheria hii inatambua mahitaji ya mwanadamu, lakini inamwekea mpaka, ili uzazi uendelee kesho. Wataalamu wa leo huita jambo hilo matumizi endelevu. Musa alilisema zamani.

Aidha, tulinganishe Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Kwa Mathayo shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Kwa Luka watano wanauzwa kwa sarafu mbili. Maana yake ni kwamba wa tano alikuwa nyongeza, hana bei kabisa. Hata huyo wa nyongeza, Yesu anasema Mungu hakumsahau. Ndege wetu wa buluu hayuko katika orodha ya ndege wanaotoweka duniani. Bado ni wengi. Lakini thamani ya kiumbe mbele za Mungu haianzi pale anapobaki mmoja.

Hatua za kuchukua shambani

1. Hakikisha kwanza. Kabla ya kutoa taarifa kuwa kuna uvamizi, tazama idadi, rangi, mdomo na mahali wanapolala. Taarifa isiyo sahihi hupoteza muda na mafuta ya wataalamu, na kijiji kingine chenye shida ya kweli hucheleweshewa msaada.

2. Toa taarifa mapema. Ukiona mazalia au malalo ya kweleakwelea, mwone Afisa Ugani au Mtendaji wa Kijiji, ili taarifa ifike Halmashauri na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye dhamana ya kudhibiti visumbufu vya mimea. Eleza mahali, ukubwa wa eneo na siku uliyowaona.

3. Usitengeneze sumu yako. Punje yenye sumu haichagui. Itamuua ndege wa buluu, njiwa na kuku wa jirani, kisha mwewe au mbwa atakayekula mizoga.

4. Usile ndege waliokufa. Pale malalo yanaponyunyiziwa dawa, ndege waliokufa au walio dhaifu wasiokotwe kwa chakula, hata kama wanaonekana wazima wa mwili. Dawa inayotumika kuua kweleakwelea hushambulia mishipa ya fahamu, na moto wa jikoni si kinga ya kutegemewa. Akina mama wawaonye watoto jambo hili kwa ukali.

5. Linda kwa mikono na macho. Kuamia ndege asubuhi na jioni, kupanda kwa wakati mmoja na majirani, kupalilia vizuri ili mbegu za magugu zisiwavute ndege, na kuvuna mara mazao yanapokomaa bado ni kinga ya kuaminika.

6. Tega kwa kuchagua. Huko Kondoa wapo watu ambao kwa asili hutega kweleakwelea kwa vikapu na kuwafanya kitoweo. Mtego wa namna hii una faida moja kubwa: ndege asiyehusika akiingia, anaweza kuachiwa akiwa hai. Ulimbo hauna faida hiyo.

7. Zingatia sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahusu ndege pia. Kuwakamata ndege wa porini kwa ajili ya kuuza bila kibali ni kosa. Zamani ndege wengi wenye rangi nzuri walisafirishwa kutoka nchi yetu kwenda Ulaya wakiwa vizimbani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia ndege wa porini kuingizwa huko mwaka 2005 kwa sababu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 zuio hilo likawa la kudumu. Kijana akiambiwa na mtu kwamba kuna soko la haraka la ndege wa buluu, atafute kwanza ushauri wa Afisa Wanyamapori.

Zoezi la kikundi

Chagueni mahali penye maji. Fikeni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, keti kimya hatua 15 kutoka ukingoni, jua likiwa nyuma yenu ili rangi zionekane vizuri. Darubini si lazima. Kila mmoja awe na daftari na aandike: tarehe, saa, idadi ya ndege, rangi ya kichwa, shavu, tumbo na mdomo, wanakula nini, na wamekuja wangapi wangapi. Msiandike jina la ndege hadi muwe mmeandika alama angalau tatu. Kisha muwaulize wazee jina la ndege huyo kwa lugha ya nyumbani, na kuliandika. Majina hayo yanapotea haraka kuliko ndege wenyewe.

Rudieni zoezi hilo mara moja kila mwezi. Baada ya mwaka kikundi kitakuwa na kumbukumbu inayoonesha ni lini ndege gani huongezeka, na Afisa Ugani ataifurahia.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, ni ndege gani tunaowaua kwa kudhani ni kweleakwelea?
2. Je, tumewahi kuona watoto wakila ndege waliookotwa shambani? Tufanye nini?
3. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 linaweka mpaka gani katika kutumia viumbe? Mpaka huo tuutumie vipi katika kuni, samaki na malisho?
4. Ni watu gani katika jamii yetu tunaowahukumu kwa kundi, kama tunavyowahukumu ndege wadogo?
5. Kikundi chetu kitaanza zoezi la kutazama ndege lini, na nani atatunza daftari?

Sala

Ee Mungu Muumba, tunakushukuru kwa viumbe ulivyotupa kuvitunza. Utupe macho ya kutazama kabla ya kuhukumu, na hekima ya kulinda mashamba yetu pasipo kuharibu kazi ya mikono yako. Wabariki wakulima wanaosubiri mavuno, na uwalinde watoto wetu na sumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.